Mtutu wa Baba Evelyne

Kandida aliisikia harufu ile kabla hajamwona aliyekuja nayo. Alikuwa ameinamia mashine yake ya kukereza vyuma, anamalizia bushi ya trekta la mkulima mmoja wa Sigino, na karakana nzima ilikuwa ikinukia mafuta na chuma cha moto, harufu aliyoizoea kama watu wengine wanavyozoea harufu ya jiko lao. Katikati yake ikapenya nyingine, nzito, tamutamu, ya kitu kilichosahauliwa juani. Akazima mashine, akageuka.

Mlangoni alikuwa amesimama Benedict, kaka wa marehemu mume wake, amebeba kiroba kirefu begani.

"Shikamoo, Baba Evelyne."

"Marahaba, Mama Vailet. Kazi zinasemaje?"

"Tunasukuma tu. Karibu."

Benedict alikuwa mtu wa heshima pale Babati. Alikuwa mwenyekiti wa kigango, ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili, na viatu vyake havikuwa na vumbi hata wakati wa kiangazi. Akakilaza kiroba juu ya meza ya kazi, akakifungua taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala. Ndani ilikuwamo bunduki yake ya kuwindia. Kandida aliifahamu, ukoo mzima uliifahamu. Benedict aliimiliki kwa leseni, kwa ajili ya kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani.

"Imeanguka kwenye mwamba," Benedict alisema. "Mdomo umepinda. Risasi haiendi inakotumwa."

Kandida akaifuta mikono yake, akaupitisha ukucha kwenye mdomo wa mtutu. Kweli, palikuwa na pengo dogo. "Hii si kazi kubwa. Unakatwa unene wa kidole, mdomo unasawazishwa, basi. Lakini kazi ya bunduki ina wenyewe, Baba Evelyne. Si kama bomba la maji. Kibali cha polisi kiko wapi?"

"Sitaki unene wa kidole." Benedict akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, akachora mstari mweupe kwenye mtutu, chini kabisa, karibu na pale mbao inapoanzia. "Kata hapa. Halafu huo mdomo mpya uuchonge meno ya skrubu kwa nje. Kuna kitu nitakifunga."

"Kitu gani?"

"Cha kupunguza kelele. Nyani ni wajanja, wakisikia mlio leo, kesho wanahamia shamba la jirani."

Kandida akamtazama. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima kutoka nyanda za juu za Mbulu. Alikua akipiga madebe ili nyani wakimbie. Mtu anayelinda mahindi yake anataka kelele, anataka isikike mpaka Mlima Kwaraa. Uongo ule ulikuwa mwepesi mno, na kilichomuudhi ni kwamba Benedict hakujisumbua hata kuunakshi.

"Na kibali?"

"Kitakuja. Wewe ni mtu wa nyumbani." Akasogea mpaka kwenye mashine, akaipigapiga mgongoni kama anayemsifu ng'ombe. "Bado ina nguvu hii. Naikumbuka siku walipokuja kuichukua." Akatabasamu. "Nitapita Ijumaa asubuhi."

Akaondoka akiimba puani wimbo wa komunyo. Kandida akabaki na bunduki ya watu mezani, na "hapana" hakuwa ameitamka.

Siku hiyo walipokuja kuichukua mashine, Kandida asingeweza kuisahau. Mume wake, Valence, ndiye aliyemfundisha kukereza, tangu kushika kipimo mpaka kunoa kisu cha mashine. Figo zilipomuua, miaka mitatu iliyopita, majani hayajakauka juu ya kaburi, ndugu zake wakaja na lori kuichukua mashine. Walisema mashine ni mali ya ukoo, na mwanamke atafanya nini nayo, atakerezea vijiko? Kandida alikaa chini sakafuni, ameukumbatia mguu wa mashine, akilia bila kujali nani anamwona. Benedict ndiye aliyesimama mlangoni akanyoosha mikono. "Hapiti mtu hapa," alisema. "Mjane wa mdogo wangu atakula kwa mikono yake." Lori likarudi tupu. Tangu siku hiyo, kila shafti aliyoichonga, kila pampu na mashine ya kusaga aliyoiponya, ilikuwa na kivuli cha Benedict nyuma yake. Na yeye alikuwa akimshukuru, kwa moyo wote, kila Jumapili.

Sasa alijichukia kwa kunyamaza. Akasema walau aisafishe bunduki, huenda akili ingetulia. Alipokikung'uta kiroba, kikaanguka kitu sakafuni, pap. Kilikuwa kipande cha mafuta ya mnyama, cha manjano, kikubwa kama kiganja, na chini yake funza walikuwa wakichezacheza. Kwenye kiungo cha bunduki, pale risasi inapoingizwa, kulikuwa na damu iliyogandamana na manyoya mafupi, magumu, ya rangi ya udongo na maziwa. Hayakuwa ya nguruwe wala ya nyani.

Akakishika kile kipande kwa koleo, akakitupa kwenye shimo la taka, akamwagia mafuta ya taa. Akaosha mikono kwa sabuni ya unga, akaosha kwa limau, akaosha kwa majivu. Bunduki akaifungia kwenye kabati la chuma. Alipoketi kula mchana, harufu ilikuwa bado iko kwenye vidole, palepale ukucha ulipokutana na nyama. Akamsogezea paka sahani.

Alhamisi, kabla ya saa sita, alifunga karakana akapanda bodaboda kwenda Singe, nyumbani kwa Benedict. Alijua Benedict hayupo. Alitaka kuongea na mke wake, Martha, mwanamke mwenzake, amwambie: mzuie mumeo, ili mimi nisilazimike kumkatalia. Njiani aliyapanga maneno vizuri kabisa.

Alibisha hodi mara tatu mlango wa mbele. Kimya. Akazunguka nyuma, akaikuta ile harufu ya jana, ila sasa haikuwa uzi unaopenya, lilikuwa blanketi. Nzi walivuma uani kama nyuki. Kulikuwa na mapipa mawili juu ya mafiga yanachemka, povu la kijivu likimwagika kandokando. Kwenye kamba za kuanikia nguo zilining'inia shuka mbili, na kati ya shuka hizo, mikanda ya nyama, mirefu, myeusi kwa nzi. Sketi ya shule ya Evelyne ilikuwa imeanikwa kwenye kamba hiyohiyo, pindo lake linagusana na nyama. Chini, kwenye majani ya mgomba, ngozi ilikuwa imekunjwa, na hata ilivyokunjwa mtoto wa darasa la kwanza angeitambua, mabaka yale ya kahawia, mistari ile myeupe. Ngozi ya twiga.

Martha alitokea jikoni na beseni. Alipomwona Kandida, beseni likainama.

"Mama Vailet. Hukupiga simu."

"Mama Evelyne, hiki ni nini?"

Kabla Martha hajajibu, mbwa wawili walipita baina yao wakigombania kitu. Walikuwa wanakivuta huku na huku, miguu yake mirefu ikiburuzika vumbini. Kilikuwa na kichwa. Kilikuwa na kope, ndefu, zimelowa, na ngozi laini yenye mabaka yaliyofifia, na kwato zake zilikuwa nyeupe bado, laini kama ufizi wa mtoto mchanga.

"Alikuwa na mimba," Martha alisema kwa sauti ndogo. "Hawakujua. Benedict alisema wape mbwa, hakifai."

Kandida alishika shina la mpapai akatapika. Alitapika chai ya asubuhi, akatapika maji, akatapika nyongo, na mwisho akawa anatapika hewa tu. Martha akamletea maji kwenye kikombe. Kikombe kilikuwa na mafuta ukingoni. Kandida akakirudisha bila kunywa.

"Anataka nimkatie mtutu," alisema alipoweza kusema.

"Najua. Ikiwa ndefu haifichiki kwenye pikipiki. Na mlio wake wanakijiji wanausikia, wanapiga simu." Martha alikuwa anatazama chini. "Ameshaahidi watu mzigo. Wanaupeleka Arusha wanasema ni ng'ombe."

"Tangu lini mnafanya hivi?"

Martha akasukuma kuni chini ya pipa, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Tangu kabla ya msiba wa Valence."

Kandida akahesabu bila kutaka. Siku ya arobaini ya mume wake Benedict ndiye aliyeleta nyama. Alileta nyama nyingi mpaka watu wakashangaa, wakasema kweli huyu ni kaka. Walikula waombolezaji wote, alikula padre, alikula binti yake Vailet, wakati ule ana miaka kumi na mmoja, akaomba aongezwe. Yeye mwenyewe, Kandida, alitafuna pande moja huku machozi yanamdondokea sahanini, na bado alikumbuka kuwa ilikuwa ngumu kidogo na ina utamu usio wa kawaida.

"Ile ya arobaini?" aliuliza.

Martha aliitikia kwa kichwa.

Kandida akatoka bila kuaga. Hakupanda bodaboda. Alitembea kwa miguu kutoka Singe mpaka barabara kuu, akitema mate kila hatua chache, na watu waliomsalimia hakuwajibu.

Alipofika karakana alitoa bunduki kabatini. Mstari wa chaki ulikuwa bado mweupe. Akaketi mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuwaza, na mawazo yenyewe hayakuwa mazuri.

Angeweza kukata. Kazi ya nusu saa. Angemkabidhi Benedict, akawa amelipa fadhila yake mara moja na milele, na nyama hiyo angeamua kutoijua kama wengine wasivyoijua.

Angeweza kumrudishia kama ilivyo. Kisha Benedict angempata fundi mwingine, mwenye njaa na asiyeuliza, na mapipa ya Singe yangeendelea kuchemka.

Halafu likaja wazo la tatu, nalo lilikuja likiwa limevaa vizuri. Angeweza kuikata vibaya makusudi. Alikijua chuma. Alijua namna ya kukiacha chuma kionekane kizima huku ndani kimeshakufa, na siku Benedict atakapofyatua, kingemrudia usoni. Kandida akaiona picha hiyo waziwazi, uso ule unaosoma matangazo, na kwa muda wa pumzi mbili tatu akaifurahia. Kisha akagundua kwamba anaifurahia. Mwili ukamsisimka kwa kinyaa kilekile cha uani kwa Martha, safari hii akijionea kinyaa mwenyewe. Akasimama upesi, akairudisha bunduki kabatini, akafunga, akautia ufunguo ndani ya sidiria yake.

Akampigia simu Shaaban, mwenyekiti wa mtaa, muuza mbao, mtu asiyependa maneno mengi.

"Mwenyekiti, kuna bunduki ya mtu karakana kwangu. Imeachwa nikate mtutu. Sina kibali na sitaki kukata. Sijui nikienda nayo mwenyewe polisi nitaonekanaje njiani."

Shaaban akapunguza sauti. "Ya nani?"

Akamtajia.

"Mama Vailet, huyo ni shemeji yako. Umelifikiria hili?"

"Nimelifikiria nikitapika."

"Basi usiiguse. Leo nipo Magugu na mzigo wa mbao, narudi kesho. Nitakuja na askari asubuhi."

Lakini Ijumaa Benedict alifika kabla yao. Alikuja na kiroba kipya mkononi, amevaa shati jeupe.

"Mama Vailet, tayari?"

"Shikamoo, Baba Evelyne. Sijakata."

"Unaanza saa ngapi?"

"Sianzi. Sitakata."

Benedict akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto akitukana. Akavuta ile ndoo, akaketi. "Martha ameniambia ulikuja. Ukatapika. Nikasema, labda mwanamke ana malaria." Akamtazama. "Nyama ni nyama, Kandida. Wazungu wanakuja kumpiga twiga picha, sisi tunalala njaa. Babu zetu walikula, nani aliwashtaki?"

"Babu zetu hawakuwadanganya watu kuwa ni ng'ombe."

"Umekula na hukufa."

"Ulinilisha kwenye arobaini ya ndugu yako. Ulituombea chakula kwanza, ukapiga ishara ya msalaba, tukaitikia amina."

"Na kabla ya hapo nilisimama mlango huu!" Benedict alisimama, sauti ikapanda. "Nani alikutetea? Ndugu zangu wa tumbo moja nimewafukuza kwa sababu yako! Mashine hii ingekuwa chuma chakavu leo. Nimekuomba kitu kimoja, kimoja tu, ndani ya miaka mitatu!"

"Ulinitetea. Nilikushukuru na ninakushukuru." "Lakini kama ulinitetea ili siku moja nikukatie mtutu, basi ungewaacha tu waichukue."

"Nipe bunduki yangu."

"Iko kabatini. Mwenyekiti wa mtaa anakuja na askari, watakupa wao."

Kwanza Benedict hakuelewa. Kisha rangi ikamtoka. Akaliendea kabati, akalitikisa, akalipiga teke, viatu vyake vinavyong'aa vikaacha alama kwenye rangi. Akamgeukia Kandida, na kwa mara ya kwanza Kandida alimwona akiwa hana uso wa kanisani. Alikuwa anahema kwa mdomo. Alinuka manukato, na chini ya manukato alinuka yale mapipa. Akamsogelea mpaka Kandida akaugusa ukuta kwa mgongo. Kandida akaokota mezani rungu la chuma la kugongea, akalishika tu, hakulinyanyua.

"Usinisogelee," alisema. "Unanuka."

Neno hilo lilimsimamisha kuliko rungu. Benedict aliinusa kola ya shati lake, bila kukusudia, kama mtu yeyote anavyofanya. Wakati huo pikipiki ya Shaaban ilikuwa inazimwa nje, na nyuma yake gari la polisi.

Benedict alijitengeneza haraka sana. Aliwasalimu askari kwa majina ya heshima, akasema mjane huyu amechanganyikiwa, bunduki ina leseni, ililetwa kurekebishwa mdomo tu. Mmoja wa askari, mwanamke mfupi, akaitoa bunduki, akautazama mstari wa chaki, akautazama mdomo wa mtutu, akapima kwa macho umbali kati ya viwili hivyo.

"Mdomo uko huku, Mzee," alisema. "Mbona chaki iko huku?"

Kandida akawaambia habari za Singe. Aliwaambia yote, mapipa na kamba na ngozi. Alipofika kwenye kile kitoto na mbwa, askari yule akamwambia inatosha.

Mchana huohuo watu wa wanyamapori walikwenda wakakuta. Benedict alipelekwa mahabusu, na Martha naye, kwa kuwa ndiye aliyekutwa anakoroga. Hilo Kandida hakuwa amelipiga hesabu. Martha alilala ndani siku sita kabla hajapewa dhamana, na kwa siku hizo Evelyne alikaa kwa bibi yake, mama wa Benedict na Valence, ambaye alituma ujumbe mmoja tu kwa Kandida: usikanyage msibani kwangu.

Ndugu wa mume walikuja tena na lori, wakidai mashine. Safari hii mlangoni hakusimama mtu. Kandida aliwaonyesha boliti nne zilizoifunga mashine sakafuni na barua ya mirathi aliyoishughulikia mwenyewe mwaka uliopita. Wakatukana, wakaondoka. Kigangoni alichaguliwa mwenyekiti mwingine, mwalimu mstaafu. Benchi alilokaa Kandida lilibaki na nafasi kila upande, na baadhi ya waliokaa mbali naye ni wale wale waliosikia walichokula kwenye arobaini wakaenda kuoga kwa kinyaa. Kesi bado inatajwa, inaahirishwa, inatajwa.

Miezi miwili baadaye, saa ya chakula cha mchana, Martha alikuja karakanani. Alikuwa amekonda. Alisimama pale nje kwanza, kanga kichwani, mpaka Kandida alipozima mashine.

"Karibu, Mama Evelyne."

"Sijaja kwa ugomvi. Wala sijaja kwa kukusamehe, usije ukadhani." Akaingia, akaweka chini hotipoti. "Watu wanasema wewe ni nyoka. Mimi sijui nikuite nani. Siku sita zile sikupata usingizi, lakini niliporudi nilichimba shimo, nikafukia mapipa yote mawili, na kamba zile nikazichoma. Hakuna aliyeniambia."

Kandida akamsogezea kiti.

"Mama mkwe anaumwa," Martha aliendelea. "Miguu imevimba. Anakuulizia, ila hawezi kusema anakuulizia. Nimepika, nikasema tule kwanza, halafu twende wote."

Akafunua hotipoti. Ndani mlikuwa na ugali, na bakuli la mchuzi mzito wenye vipande vyeusi. Kabla hajajizuia, Kandida aliinama akanusa. Hakunusa kwa adabu, kama mtu anayesifia mapishi. Alinusa kama mbwa anavyonusa.

Alipoinua macho, Martha alikuwa anamtazama. Kandida akataka kuomba radhi.

"Uyoga," Martha alisema. "Na maharage. Nusa tena ukitaka. Hata mimi nanusa siku hizi, hata chai."

Kandida akanawa, kwa sabuni, mara mbili, kisha akakata tonge. Walikula polepole, kimya, kila mmoja akilitazama tonge lake kabla ya kulitia mdomoni. Walipomaliza Kandida akafunga karakana, wakashika njia kwenda kwa mama yao.